Mshike Binti Yako Mkono

Ogeto aliingia saiba, duka la kompyuta pale Nyamira, akinukia marashi. Kabla hata ya kusalimia mtu, alimkumbatia msichana aliyekaa kando ya Edinah.

"Sheila! Binti yangu! Hebu tazameni pua hii, si ni yangu kabisa?"

Msichana alikauka kama kuni. Edinah alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alimtazama Persis, shangazi yake Ogeto, aliyetumwa na ukoo awe shahidi. Persis alikuwa ameinama, anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Miaka kumi na saba! Ogeto, na ule mwanya wake uliomponza Edinah ujanani, alimwacha na mtoto wa kunyonya akaenda kuoa Kisii na kufungua duka la mabati. Hakutuma hata kalamu. Edinah alichuma chai ya watu Gesima mpaka vidole vikapasuka. Mtoto akala, akasoma, akapata A. Matokeo yalipotoka, nani huyo akabisha hodi? Baba mtu! Ati ng'ombe wa mahari alitoa, mtoto ni wake, na kozi atachagua yeye. Kuvuna asichopanda, tena bila haya.

Ukoo ulikaa, ukaamua. Siku ya mwisho ya maombi ya vyuo, Ogeto amshike binti yake mkono, amchagulie kozi, na neno lake liheshimiwe. Likimshinda hilo, asikanyage tena kwa Edinah.

Edinah alilia wiki nzima. Sheila alitaka kusomea Uchumi. Tangu kidato cha pili alikuwa akiuliza kwa nini chai ipande bei na mamake abaki na viatu vilevile. Sasa ndoto hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu huyu wa marashi. Lakini leo Edinah hakuwa na machozi. Alikuwa na hasira ya miaka kumi na saba, na ilikuwa imeiva.

Ogeto alivuta kiti, akaushika mkono wa msichana, akamgeukia yule wa kompyuta aliyekaa upande wa pili wa meza.

"Andika Udaktari. Chaguo la kwanza mpaka la mwisho. Nataka kufungua kliniki Kisii, jina langu liwe juu ya mlango."

"Nambari ya cheti chake cha kuzaliwa, baba? Bila hiyo hatuingii."

Ogeto alikohoa. "Hayo ni mambo ya mama."

Vidole vya msichana wa kompyuta vilikuwa vimeshaiandika. Hakumngoja mtu.

"Mnaona? Kompyuta inajua kila kitu siku hizi!" Ogeto akacheka.

"Na hesabu umepiga, baba? Udaktari ni miaka sita, karo yake nzito, na madaktari wengi bado wanangoja kuajiriwa. Uchumi ni miaka minne."

"Nani amekuuliza?" Ogeto aligonga meza. "Ungekuwa na akili, ungekuwa umekaa hapo kuandikia watu? Huyu wangu ana A! Wewe ulipata nini?"

"Nilijaribu, baba." Akainamia kibodi, midomo ameibana.

Edinah alishika kiti kwa mikono miwili asije akamzaba mtu kofi. Msichana wa kando yake alitaka kusema kitu. Edinah akamkanyaga mguu chini ya meza: nyamaza.

Hapo Persis akaufunga mkoba wake.

"Ogeto, niambie mbele ya watu. Huyu uliyemshika mkono ndiye binti yako?"

"Aa, shangazi! Swali gani hilo? Damu haipotei."

"Sawa. Nimesikia, na nimeona. Nitaupelekea ukoo hivyo hivyo."

Ogeto alipiga picha na msichana, shavu kwa shavu, akaituma kwa marafiki palepale. Akatupa noti ya mia juu ya kibodi. "Ya soda. Na ujifunze kufyata ulimi." Akatoka akipiga mluzi.

Gari lake lilipopotea upande wa Kisii, Edinah alishusha pumzi ndefu.

"Bochaberi, nisamehe kwa mguu wako, mwanangu. Sogea sasa, nawe uchaguliwe chuo kabla hawajafunga. Mamako asije akasema nimekupotezea siku."

Kisha akamgeukia yule wa kompyuta, aliyepata kibarua hapo saibani tangu amalize kidato cha nne.

"Na wewe, umeandika nini?"

"Uchumi, Mama," alisema Sheila, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mwanya wa Ogeto ukaonekana wote.