Chupa Isiyotoa Sauti

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, Mzee Habakuki alikohoa mara nne kwa vijiko vitano vya maji.

Muuguzi Shadya aliiandika hesabu hiyo kwenye daftari, akamwambia mzee atamke "aaa". Sauti ilitoka na majimaji ndani yake, kama ya mtu anayeongea huku anasukutua. Akamwekea mgongoni kifaa cha kusikilizia. Upande wa kulia, chini, pafu lilikwaruza.

Ijumaa halikuwa likikwaruza.

Kiharusi kilimpata mzee mwezi wa nne, kikamwachia koo linalochelewa. Maji yalifika kabla koo halijajifunga, yakapitia njia ya hewa. Mwezi wa sita alilazwa wiki mbili kwa nimonia, na daktari alisema wazi kwamba kifua kile hakitaihimili ya pili. Ndipo Shadya akamjaribisha maji ya gesi, yale ya chupa yasiyo na sukari. Si kila mgonjwa yanamfaa; huyu yalimfaa. Mchomo wa gesi ulilishtua koo, likawahi kujifunga. Vijiko vitano, hakuna kikohozi. Alirudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Utaratibu ulikuwa mfupi. Kila Jumanne na Ijumaa Shadya alitoka Handeni kwa basi hadi Ngombezi, kwenye nyumba za safu za wafanyakazi wa mkonge, akampima. Ziara tatu mfululizo bila kikohozi, faili linafungwa. Baada ya hapo ni simu, mara moja kwa mwezi.

Ziara mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya tatu alimkuta Bi Fatu, jirani wa ukuta mmoja, amefungua chupa ya mzee, ameiziba mdomo kwa kidole gumba, anaitikisa.

"Unafanya nini, mama?"

"Namtolea gesi. Mgonjwa hapewi gesi, itamjaa tumboni. Wanangu wote nimewauguza hivi."

"Hiyo gesi ndiyo inayomsaidia kumeza."

Bi Fatu alicheka. "Makubwa haya! Mzee, umesikia? Siku hizi dawa ni mapovu."

Mzee Habakuki naye alicheka, mdomo umeenda upande. Shadya hakucheka. Alimwambia Bi Fatu, mbele ya mgonjwa, kwamba anamuua mtu taratibu, na kwamba asimletee tena kitu chochote cha kunywa.

Bi Fatu aliiweka chupa chini, akajitanda kanga yake vizuri. "Nyie watu wa vipimo, mtu akipaliwa mnahesabu. Sisi tunampiga mgongo." Akatoka.

Mzee aliusindikiza mgongo wake kwa macho. Alikuja kukata mkonge akiwa kijana, akitokea Kasulu, na hakurudi. Hakuwa na mke wala mtoto, na wale aliokata nao walikuwa wameshazikwa au wamerudi kwao.

Ziara ya nne, chupa ilipofunguliwa haikutoa sauti, na kikohozi kilirudi. Leo, ya tano, haikutoa pia.

"Nani ameifungua, mzee?"

"Chupa si inakaa hapo tu, mwanangu. Mimi nalala, naamka."

"Bi Fatu bado anaingia?"

Mzee alitazama sakafu. "Fatu ana huruma sana."

Shadya aliandika: *Jirani bado anaingia.*

Alipokuwa anafunga begi, mzee akauliza, "Wale wenzangu waliopona, huwa unawatembelea?"

"Nawapigia simu."

"Simu nzuri," mzee alisema. "Haina nauli."

Nje, Bi Fatu alikuwa anapepeta maharage. Shadya alisimama mbele yake. "Kifua cha mzee kimeanza kukwaruza. Akilazwa tena, hatarudi nyumba hii."

"Sasa unaniambia mimi? Tangu uliponifokea sijakanyaga mlango ule. Hata uji anajipikia. Muulize."

"Nimemuuliza."

Ungo ulisimama. "Akasema ni mimi?"

Shadya alifungua daftari, akasoma moyoni alichoandika mahali pa jibu la mzee, akalifunga daftari na kuelekea kituo cha basi.

Ijumaa alipanda basi la saa kumi na mbili badala ya lile la kawaida, ili amkute Bi Fatu na chupa mkononi. Saa mbili na dakika tano alikuwa nyuma ya safu ya nyumba. Mlango wa Bi Fatu ulikuwa na kufuli. Mwanamke aliyekuwa anafua bombani alimwambia Fatu yuko Kerenge msibani tangu Jumatano.

Dirisha la Mzee Habakuki lilikuwa wazi. Alikuwa ameshaoga, amevaa shati lililopigwa pasi. Mezani palikuwa na chupa mpya.

Aliibana chupa magotini, akazungusha kifuniko kwa mkono wake mzima. Gesi ilitoka kwa kishindo kilichomfikia Shadya nje. Mzee akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akatikisa, akaachia. Akatikisa tena, akaachia, akaitega sikioni. Ilipokuwa kimya kabisa aliifunga, akairudisha mahali pake.

Kisha akachukua kitambaa, akakifuta vumbi kiti cha mgeni, akakivuta karibu na chake, akaketi akiutazama mlango.