Dirisha la Chini

Ukikaa ghorofa ya chini ya treni mpya ya umeme, dirisha liko sawa na jukwaa la stesheni. Walio nje unawaona miguu tu. Kila asubuhi mimi na mwenzangu wa ofisini tunacheka viatu vya watu.

Leo alinipiga kiwiko. "Cheki yule bibi! Kavaa viatu vya shule vya mjukuu wake!"

Niliangua kicheko kabla sijaona kile kiraka cha mpira wa baiskeli. Nilikibandika mwenyewe, nikiwa darasa la saba.

Mwenye viatu akainama kufunga kamba. Macho yetu yakagongana, kicheko bado kiko mdomoni mwangu.

Mama yangu akadhani nimefurahi kumwona. Akanipungia mkono.

"Kumbe anakujua?"

"Wala," nikasema. "Anawapungia wa ghorofa ya juu."