Haendi Mbali

Matairi ya gari la Siwema yalikuwa vipara vitupu. Fundi Chande aliegemeza ukutani seti mbili: moja mpya, imara, bado ina vinyweleo vya mpira vya kiwandani, nyingine ya bei rahisi, kuukuu, mistari yake imechongwa upya kwa kisu cha moto.

"Ngoja nimuulize mwenyewe, shemeji," alisema Chande. Mikono yake ilijaa grisi, akabonyeza simu kwa kifundo cha kidole na kufungulia spika.

"Hemedi, gari la nyumbani tulifungie yapi?"

"Ya kuchonga yanatosha," alijibu mumewe Siwema, vicheko vya watu vikisikika nyuma yake. "Huyo haendi mbali. Sokoni na kwa mama yake, basi. Hayo mazuri niwekee mimi."

Chande alikata simu upesi, akainamia jeki kana kwamba imeharibika.

Siwema alipitisha kidole gumba kwenye vinyweleo vya lile tairi jipya. Wiki iliyopita, gari lilipoteleza kwenye mvua likamtupa mtaroni, Hemedi aliuliza kwanza kama bampa limepona.

"Funga haya mazuri," alisema.

"Shemeji, sasa mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie leo naenda mbali."

Alipomaliza kufunga, Chande alisimama na spana mkononi, akilitazama gari likisogea hadi ukingoni mwa barabara. Nyumbani kwake, sokoni na kwa mama yake, kote ni kushoto. Indiketa ya kulia ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika.