Ukaguzi wa Jeshi la Willis

Kitambaa kilichokuwa mfukoni mwa Apondi kilikuwa kimelowa, lakini si maji.

Alikuwa amekiloweka asubuhi hiyo katika dawa ya kufuta rangi ya kucha, akakifunga kwa karatasi ya mkate, akatoka nyumbani kwake, mtaani Mowlem, bila hata kunywa chai. Hakuhisi njaa. Hasira ilikuwa imemshibisha mwaka mzima.

Ukumbini, kwa ajili ya mashindano ya vita vya mezani, meza zilikuwa zimeunganishwa na kutandikwa blanketi, na juu yake vilima vya maboksi na mito ya karatasi ya buluu. Kila mchezaji alisimama nyuma ya jeshi lake la askari wa bati, wasiozidi urefu wa kidole. Wote walitoka katika kalibu ya fundi mmoja wa Gikomba: sura moja, bunduki moja, hata kofia moja. Kilichotofautisha jeshi na jeshi ni rangi tu. Ndiyo maana chama chao kilikuwa kikali. Kila askari awe na rangi tatu, kibao anachosimama juu yake kiwe kimepakwa, na rangi iwe imeshika. Mkaguzi akimpitishia kitambaa chenye maji, isibanduke. Asiyetimiza hachezi.

Mwaka uliopita mkaguzi alikuwa Willis. Alimwinua askari mmoja wa Apondi kwa vidole viwili, akamzungusha watu wote wamwone. Mshipi na viatu vilikuwa havijapakwa.

"Jameni, huyu ametoka kwao uchi!"

Ukumbi uliangua kicheko. Jeshi zima likatolewa, na jina likabaki. Mpaka leo Apondi akienda kununua sukuma wiki, kuna mtu atamwita "Mama Uchi", na watoto wake wanasikia.

Kwa hiyo mwaka huu, mwenyekiti wao mzee Aloo alipouliza nani atakagua, Apondi aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Hakuwa mtu wa kumeza jambo likapita. Sagal aliyajua hayo. Zamani walikuwa chanda na pete, wakipaka rangi meza moja, na ufunguo wa stoo ya ukumbi ulikaa dukani kwa Sagal, umeangikwa kwenye msumari karibu na mlango. Kisha jeshi la kwanza la Apondi likapotea humo stoo, jeshi alilolipaka kwa miaka. Kufuli haikuwa imevunjwa.

"Wallahi, Apondi, sijawagusa," Sagal alilia.

Apondi hakutaka kusikia. Alimtangaza mlango kwa mlango hadi wateja wakaacha kununua madera yake. Mama yake Sagal alipokuja kumsihi, Apondi aliongea naye kupitia dirishani. Duka likafungwa, familia ikahama, na Apondi akalala usingizi mzuri.

Sasa ilikuwa zamu ya Willis.

Apondi alianza na majeshi ya wengine, na aliyakagua kwa haki, kwa kitambaa cha maji alichokuwa akikichovya kwenye beseni. Alipofika meza ya mwisho, ya Willis, akakiacha hicho kwenye beseni.

"Karibu, Mama... pole, Apondi," Willis alisema huku akitabasamu. Jeshi lake lilikuwa jeusi, mikanda myekundu, kofia nyeupe, na rangi imewajaa askari hata pua hazionekani.

"Mbona wako wanene hivi?" aliuliza Clare, mchezaji wa meza ya jirani.

"Wanakula vizuri. Mimi si mchoyo wa rangi."

Watu wakacheka. Apondi naye akacheka. Akaangalia rangi: zilitosha. Akageuza vibao: safi. Willis akaanza kufungua soda yake.

"Bado kitambaa," Apondi akasema.

"Cha nini tena, na umeshaona? Hawa wangu sipendi waguswe-guswe, dadangu."

"Wangu waliguswa."

Willis alimgeukia mzee Aloo. Mzee akatikisa kichwa. "Sheria ni ya wote, Willis."

Apondi alitia mkono mfukoni. Akamchukua kamanda aliyesimama mbele, akamsugua kifuani taratibu ili hata walio nyuma waone. Rangi nyeusi ililainika, ikajikunja, ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Inabanduka!" mtu akapiga kelele.

"Kumbe huyu naye ako uchi!" Clare akadakia, na ukumbi mzima ukalipuka.

Apondi alimwinua kamanda juu kwa vidole viwili. Kicheko hicho alikuwa amekingoja kwa muda mrefu, na sasa alikiacha kimmiminikie Willis chote. Kilikuwa kitamu kuliko alivyodhani.

Lakini Willis hakubishana. Alirusha mkono kumpokonya, soda ikamwagika juu ya meza. "Nipe! Nimekubali, nimetoka mashindanoni. Nipe askari wangu!"

"Ngoja kwanza, wakuone vizuri." Apondi aliruka nyuma akazidi kusugua, bega, mgongo, mguu.

Ndipo mkono wake ukasimama. Chini ya rangi nyeusi hapakuwa na bati. Palikuwa na kijani kibichi, na juu ya kijani maua meupe madogo, moja moja, yakimetameta chini ya vanishi ya zamani.

Mzee Aloo alimtoa kamanda mkononi mwake, akavaa miwani, akamsogeza karibu na dirisha. Kicheko kilizimika meza baada ya meza. Willis alikuwa akitazama sakafu.

"Apondi," mzee akasema kwa sauti ya chini, "si huyu ni mmoja wa wale ulisema Sagal aliiba?"