Kiganja cha Kombe

Kwa miaka tisa Mwinshehe alipiga gitaa la umeme, Kombe akiwa nyuma yake akigonga mapipa ya chuma kwa nyundo. Mara nyingi Kombe alimwomba ageuze spika, isimwelekee masikioni. Hakuigeuza. Mashabiki waliupenda mngurumo ule wa kiwanda, naye aliwapenda mashabiki.

Siku Mwinshehe alipokwenda kumtembelea, akiwa na gitaa na spika yake, Kombe alikuwa ameshakuwa kiziwi.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Kombe alimtazama midomo, akacheka. "Unamung'unya nini? Acha hayo, piga." Akabandika kiganja juu ya ubao wa gitaa.

Mwinshehe akazigusa nyuzi kwa ncha za vidole tu.

"Wewe umeanza lini kuogopa kelele?" Kombe alisema. "Ongeza."

Mkono wa Mwinshehe ukabaki hewani, juu ya nyuzi.