Ada ya Huduma Huenda kwa Nani?

"Dada! Hebu njoo unisomee hii."

Mteja mwenye kipara alikuwa ameishika bili kwa vidole viwili kana kwamba kaiokota jalalani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, meza zote zimejaa, na mgahawa mzima uligeuza shingo.

Nyuma ya kaunta, mwenye mgahawa aliacha kuhesabu pesa. Wafanyakazi walimwita Asilimia, asipokuwapo, na jina alilistahili. Ukikaa dirishani, ulilipia upepo. Barafu ilikuwa na bei yake, kitambaa cha meza bei yake, na mkate ambao hukuuagiza ulikufikia ukiwa umeshaandikwa kwenye bili. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, kulikuwa na ada ya huduma, asilimia kumi.

Kumi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimjengea nyumba. Ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, mabati ameyachukua kwa mkopo, na mwenye duka la mabati hakuwa mtu wa kuombwa subira. Wahudumu hawakuwahi kuionja ada yao. Kila walipouliza waliambiwa iko njiani.

Mhudumu alisogea, trei ameikumbatia kifuani. Alikuwa ameanza kazi wiki hiyo hiyo. Asilimia alimpenda tangu siku ya kwanza, maana alikubali mshahara bila hata kuuliza ni kiasi gani. Watu wa namna hiyo, alijisemea, siku hizi unawatafuta kwa tochi.

"Hapa pameandikwaje?" kipara aliuliza.

"Ada ya huduma, mzee."

"Huduma ipi? Supu umeileta imepoa. Kijiko nimekiomba weee, mpaka nikataka kunywa kwa mkono. Umenihudumia nini wewe?"

"Nisamehe, mzee."

"Nikusamehe vipi na nakulipa? Asilimia kumi nzima unatia mfukoni, halafu hata chumvi nijifuatie mwenyewe!"

Mhudumu aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Alijifunika uso kwa kitambaa cha kufutia meza, akalia.

"Mimi huwa sipati, mzee," alisema. Alisema taratibu, lakini hata waliokaa mlangoni walisikia. "Hatupewi hata senti."

Asilimia alichomoka nyuma ya kaunta, tabasamu limemtangulia.

"Mheshimiwa, mheshimiwa! Huyu bado mgeni, hajaujua utaratibu wetu. Twende ofisini tuyamalize."

"Ofisini kuna nini? Niambie hapa hapa. Hii ada inakwenda kwa nani?"

Asilimia alitaja sabuni. Alitaja umeme. Mwishowe, Mungu amsamehe, akataja maendeleo.

"Maendeleo ya nani?" aliuliza mama mmoja mwenye miwani, meza ya pembeni, na hapo Asilimia akajua kwamba maji yamezidi unga.

Kipara alisimama. Aliomba kalamu, akaipiga ile ada mstari mnene, kisha akatoa noti. Haikuwa noti ya kuchezea. Aliiinua juu kwanza ili asiwepo wa kusema hakuiona, ndipo akaibandika kwenye kiganja cha mhudumu.

"Shika, dada yangu. Hii ni yako, mkono kwa mkono. Asiingie mtu katikati."

Wema wa hadharani huambukiza kuliko mafua. Mama wa miwani alikata ada yake, akatoa noti. Watu wa ofisi moja waliojaza meza kubwa walichangishana, kila mmoja akichungulia mwenzake katoa ngapi. Kijana aliyemleta mchumba wake kwa mara ya kwanza alitoa hata nauli ya kurudia nyumbani, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Kalamu ile moja ilizunguka ukumbi wote. Mfuko wa aproni ulituna, na Asilimia, aliyesimama pale kama mgeni kwenye mgahawa wake mwenyewe, aliyaona mabati yake yakirudi dukani moja moja.

Alibakiwa na ujanja mmoja tu, wa kuziba mdomo. Akainama sikioni mwa kipara.

"Mheshimiwa, chakula cha leo hatukudai. Ila tafadhali, mambo haya yaishie humu humu."

Kipara alifikiri kidogo, akapangusa midomo, akaomba afungiwe na kipande cha kuku aende nacho. Alifungiwa. Akatoka kifua mbele, na watu wawili watatu wakampigia makofi.

Ukumbi ulipotulia, Asilimia alimtafuta mhudumu ili amfukuze kazi. Alikuwa ameshayapanga maneno, tena makali. Jikoni hakuwapo. Stoo hakuwapo. Aproni ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, mfuko mtupu, na mpishi akasema dada yule ametoka sasa hivi tu.

Asilimia alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, hasira zimempanda hadi utosini. Huko uchochoroni aliwaona, migongo imemgeukia, wanakwenda polepole: yule dada, na yule kipara na kuku wake mkononi.

"Mama watoto," kipara alikuwa akisema, "hoteli ijayo usilie mapema hivyo. Kidogo nicheke."