Kumzuia Mwenye Nuksi

Bi Filomena alifunga mlango kwa ufunguo, akautumbukiza kifuani, kisha akampakulia mgeni wake sahani ya pili ya makaroni.

"Kula, Mzee Liborio. Leo huondoki mpaka sufuria iwe tupu."

Mzee Liborio, muuza majeneza mstaafu wa ghorofa ya tatu, anayevaa miwani myeusi hata mvua ikinyesha, aliipokea sahani bila ubishi.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya ligi, Aprili 1990, na katika mji mzima wa Napoli roho zilikuwa juu. Leo tukiifunga Lazio tunakuwa... hapana, neno hilo halitamkwi. Anayelitamka kabla ya filimbi ya mwisho huamriwa ashike chuma upesi kufukuza nuksi, na anaweza kununiwa mwaka mzima. Kule chini, kwa Sabatino kinyozi, jengo zima lilikuwa limeizunguka redio.

Jengo zima, isipokuwa hawa wawili. Asubuhi Sabatino alikuwa amepanda kwa Bi Filomena, kofia mkononi.

"Bi Filomena, unaikumbuka '88?"

Nani aisahau? Walikusanyika hapa hapa sebuleni, kwenye redio yake. Milan wakatufunga tatu kwa mbili nyumbani kwetu na taji likaenda zake.

"Mzee Liborio alikaa pale dirishani," Sabatino alinong'ona, akipapasa hirizi yake ya kipembe chekundu shingoni. "Na '87, tulipobeba? Alikuwa kitandani na homa. Sasa jumlisha mwenyewe. Mwite chakula cha mchana, umkalishe. Kwa mapishi yako hatachomoka."

Bi Filomena aliumia. Ile ya '87 aliikosa pia. Alikuwa Salerno akimuuguza dada yake, na mpaka leo hajajisamehe. Lakini timu ni timu. Alikubali.

Mechi haijachangamka hata kidogo, mngurumo ukapanda kutoka chini, vioo vikatetemeka. Bao! Kelele zile hazikuwa za msiba. Bi Filomena alisimama, miguu ikimwasha. Laiti angeteremka mara moja tu, amsikie mtangazaji kwa masikio yake!

"Hivi klabu yenu ilianzishwa lini?" aliuliza Mzee Liborio, akifuta mchuzi kwa mkate.

Aulizwe yeye? Bi Filomena akaketi. Klabu hiyo aliijua kuliko sala zake.

"Mwaka ishirini na sita! Na msimu wa kwanza tukavuna pointi moja. Moja, mzee wangu! Nembo ilikuwa farasi. Watu wakasema, huyu si farasi, ni punda mgonjwa. Basi punda akatuganda mpaka leo."

"Lo! Halafu?"

Halafu ikaja miaka sitini ya kungoja, na Bi Filomena hakuruka hata mmoja. Alipoinuka kuelekea roshani, mzee aliomba biringanya. Alipousogelea mlango, mzee aliuliza ni kocha yupi alikuwa na moyo wa jiwe. Bi Filomena alijipongeza kimoyomoyo: samaki kaimeza ndoano, tena na chambo chote.

"Na '87," alisema, "mtu aliandika kwenye ukuta wa makaburi: Hamjui mlichokosa!"

"Wateja wangu hawakulalamika," alijibu Mzee Liborio, na Bi Filomena akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndipo kengele zikalia, fataki zikapasuka, sahani zikarushwa madirishani. Mabingwa! Sasa neno lilitamkwa na kila kinywa. Bi Filomena alimbusu mzee kwenye paji la uso, akafungua mlango, akamwacha ateremke. Akabaki peke yake kati ya vyombo vichafu, akilia. Alifurahi, ndiyo, lakini taji la pili nalo lilikuwa limempita. Hata hivyo, bila yeye lingepatikana?

Akajifuta macho kwa aproni, akatoka roshani kuwapungia majirani mkono.

Chini, Sabatino na wenzake walikuwa wamembeba Mzee Liborio mabegani. Bi Filomena akaduwaa. Mwenye nuksi, mabegani?

"Umetuokoa, mzee!" Sabatino alipiga kelele kuzishinda fataki. "Umewezaje kumzuia yule mama asiikaribie redio mechi nzima?"

"Kazi ndogo," alijibu Mzee Liborio, akiweka sawa miwani yake. "Nilimwomba anisimulie historia ya klabu."